Malengo katika upigaji picha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekuwa yakinijia kwa miaka: kutoka kwa wanafunzi wangu, kutoka kwa wageni wa harusi wanaonivuta pembeni nikibadilisha betri, na kutoka kwa wazazi ambao mtoto wao haombi kitu kingine ila kamera. Wapo wanaopiga kujifurahisha, wapo wanaotaka kamera iwalishe. Nimewaweka pamoja kwa sababu swali ninalowarudishia wote ni lile lile: picha unayotaka kupiga ni ya nani? Ukishalijibu hilo, mengi ya hapa chini yanajipanga yenyewe.

Lengo langu ni kuwa mpiga picha mzuri. Kuna ubaya?

Ubaya hakuna, ila halishikiki. Utajuaje umefika? Kila mkono ukipanda ngazi moja, jicho nalo linapanda, na picha ulizojivunia mwaka jana zinaanza kukukera. Kukereka huko ni dalili ya kukua, lakini mtu aliyejiwekea "uzuri" kuwa lengo hukusoma kama kushindwa, akaifungia kamera kabatini. Nimeona kamera nyingi zikiishia hivyo, na nyingine zilikuwa mikononi mwa watu wenye jicho kali kuliko langu.

Lengo linaloshikika ni kazi yenye mwanzo na mwisho, na ina mtu atakayeipokea. Kwa mfano: "Kabla mwaka haujaisha nitakuwa nimempiga kila mzee wa ukoo wetu picha moja ya uso, kwa mwanga wa dirishani, na kila mmoja nimempelekea yake mkononi, imesafishwa kwenye karatasi." Hapo unajua picha ni ngapi, ni za kina nani na zinaishia wapi. Na ufundi wote umejificha humo humo: kusoma mwanga, kumtuliza mtu anayeogopa kamera, kuweka fokasi kwenye jicho na si kwenye sikio, kuchagua karatasi. Ukimaliza hiyo kazi utakuwa umekuwa mzuri bila kuutafuta uzuri.

Nitapataje wazo la kazi yangu mwenyewe?

Angalia unachopiga bila kutumwa na mtu. Fungua picha zako 500 za mwisho, ondoa zilizopigwa kwa sababu ulilazimika, halafu tazama zilizobaki kama vile ni za mtu mwingine. Utaona kitu kinajirudia: mikono, milango, watu waliolala garini, ndugu yako mmoja kuliko wengine. Kinachojirudia ndicho kinachokuita, hata kama unakiona kidogo mno.

Hakuna kitu kidogo mno. Mwaka 1975 Mmarekani Nicholas Nixon alimpiga picha mkewe na dada watatu wa mkewe, wamesimama wanne kwa mstari mmoja. Mwaka uliofuata akawapanga vile vile na kuwapiga tena. Akaendelea kila mwaka, picha moja tu ikichaguliwa kwa mwaka, wakisimama kwa mpangilio ule ule, kwa zaidi ya miaka 40. Hakusafiri mbali kutafuta habari. Ukizipanga picha hizo kwa mfuatano unaona nyuso zikizeeka na mabega yakizidi kusogeleana, na mtu yeyote mwenye ndugu anaelewa bila maelezo. Kazi kama hiyo unaweza kuianza wikiendi hii, na gharama yake ni kuwa na msimamo.

Nina simu tu. Nisubiri hadi ninunue kamera?

Usisubiri. Picha ya ukubwa wa A4 ikichapishwa kwa ubora wa juu, nukta 300 kwa kila inchi, inahitaji pikseli 3,508 kwa 2,480, yaani megapikseli 8.7 hivi. Simu nyingi za sasa zinatoa 12 au zaidi, kwa hiyo ukutani picha yako itakaa bila aibu.

Simu inashindwa mahali patatu. Gizani sensa yake ndogo, kile kipande kinachonasa mwanga, inachoka na picha inajaa chembechembe. Kitu cha mbali ukikivuta kwa vidole kinavunjikavunjika. Na ule ukungu wa nyuma ya mtu, ambao kwenye kamera unaletwa na lenzi, kwenye simu nyingi unatengenezwa na programu inayokisia, ndiyo maana mara nyingine nywele au ukingo wa miwani hupotea pamoja na ukuta. Lengo lako likigonga moja ya kuta hizo mara kwa mara, hapo kamera ina hoja. Kabla ya hapo unanunua matumaini.

Basi nianze na lenzi gani?

Iliyokuja na kamera, kwa miezi sita. Ikishakubana, tafuta lenzi isiyovuta ya milimita 50 au 35 yenye f/1.8, yaani tundu pana linaloingiza mwanga mwingi; huwa ni kati ya lenzi za bei nafuu katika kila familia ya kamera, na inakulazimisha kutumia miguu. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa lenzi ya milimita 50.

Misingi nijipe muda gani?

Miezi mitatu, ukishika kamera mara tatu nne kwa wiki. Watu wanakimbilia vitufe. Mimi naanza na kiti.

Mwezi wa kwanza chukua kiti kimoja, dirisha moja na mtu mmoja mvumilivu. Zima taa zote za chumbani, maana rangi ya taa ikichanganyika na ya mchana ngozi inapauka upande mmoja na kuwa ya njano upande wa pili. Mkalishe akitazama dirisha, piga. Mgeuze ubavu, piga. Mpe dirisha mgongo, piga. Kila mara tazama kivuli cha pua yake: kimelala wapi, kina ukingo mkali au kimeyeyuka, kimefika mdomoni au kimeishia shavuni. Sasa sogeza kiti hatua mbili kutoka dirishani, urudie yote. Ukiweza kutabiri kivuli cha pua kabla ya kumkalisha mtu, umejifunza jambo ambalo hakuna kamera ya bei mbaya itakayokufundisha.

Mwezi wa pili ni wa zile namba tatu: tundu la lenzi (huandikwa f/, na namba ikipanda tundu linakuwa dogo), spidi ya shata (muda ambao pazia la kamera linaachia mwanga uingie) na ISO (hisia ya kamera kwa mwanga). Ukielewa kwamba zote zinahesabu mwanga kwa kuuzidisha mara mbili au kuugawa nusu, hofu inaisha. Kutoka 1/125 ya sekunde kwenda 1/250 umekata mwanga nusu. Kutoka f/4 kwenda f/5.6 umekata nusu. Kutoka ISO 100 kwenda 200 umezidisha mara mbili hisia ya kamera kwa mwanga. Kwa hiyo ukitoa huku unaongeza kule, kama mizani ya dukani. Kanuni ya zamani ya watu wa filamu bado inafaa kwa zoezi: jua likiwaka bila wingu, weka f/16 na spidi iwe sawa na ISO, yaani ISO 100 kwa 1/100 au 1/125. Piga bila kutazama kioo cha kamera, rudi nyumbani ndipo uangalie.

Mwezi wa tatu usijifunze kitufe chochote. Simama mahali pamoja penye watu kwa saa nzima na ungoje. Kupiga picha kwa sehemu kubwa ni kungoja, na kungoja nako kunahitaji mazoezi.

Vipi kuhusu kupiga picha moja kila siku kwa mwaka mzima?

Ni lengo linalopendwa, na kwa tabia ya watu wengi silipendekezi. Kufikia mwezi wa pili unapiga kikombe saa tano na nusu usiku ili usikose siku, na picha 365 za namna hiyo zinakufundisha kutimiza wajibu tu. Afadhali picha moja kwa wiki uliyoitafuta kweli. Isipokuwa kama tatizo lako ni kwamba hushiki kamera kabisa. Hapo jipe siku 30, si 365.

Umri wangu umesogea. Nimechelewa?

Julia Margaret Cameron alipewa kamera yake ya kwanza na bintiye mwaka 1863, akiwa na miaka 48, na picha zake za nyuso bado zinatazamwa leo. Sebastião Salgado alikuwa mchumi mwenye ajira nzuri London. Aliiacha mwaka 1973, akiwa anakaribia miaka 30, baada ya kushika kamera ya mkewe na kuona kwamba picha zinampa furaha ambayo ripoti za uchumi hazimpi.

Mtu mzima anaingia na kitu ambacho kijana hana: anajua anachokijali. Pia ana watu. Mlango ambao mwandishi wa habari kijana angeubisha mwezi mzima, wewe unafunguliwa kwa sababu mwenye nyumba mlisoma pamoja.

Nigeuze upigaji picha kuwa kazi, au raha yake itaharibika?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Kwanza, elewa unachokigeuza. Anayepiga kwa kujifurahisha anachagua mwanga, siku na uso. Anayepiga kwa malipo anapewa siku na uso, na mwanga ni ule utakaoukuta: ukumbi wenye taa za zambarau, bwana harusi aliyechelewa, jua la saa saba likimwagika kichwani. Ufundi wako unapimwa kwa picha unayoweza kuitoa siku mbaya. Kama wewe unasisimka kutatua matatizo ya namna hiyo, utaipenda kazi hii. Kama unachopenda ni ukimya wa kutembea asubuhi na kamera, huenda kazi ikakunyima kile kile ulichokiendea.

Pili, kazi ya kulipwa kwa sehemu kubwa si kupiga. Ni simu za wateja, kuchagua picha, kuhariri, kufuatilia malipo, kufuta vumbi kwenye lenzi. Siku moja ya kupiga huzaa siku mbili tatu za kukaa mezani. Jaribu kwa mwaka mmoja ukiwa na kipato kingine, uandike saa zako kwa uaminifu.

Tatu, si lazima uchague upande mmoja. Samuel Fosso alifungua studio yake ya picha Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Mchana alipiga wateja. Jioni, mkanda wa filamu ukibaki na picha chache, badala ya kuziacha zipotee alijipiga mwenyewe, amevaa na kujipamba kwa namna yake, na nyingine akamtumia bibi yake aliyekuwa mbali. Zile picha za mabaki ya mkanda ndizo zilizokuja kumfanya ajulikane duniani. Wateja walimlipia filamu, na mabaki yalikuwa yake. Nami nimeiga: kila kazi ya malipo natenga dakika kumi za mwisho kwa picha ambayo hakuna aliyeiomba.

Upande wa pili yupo Vivian Maier, yaya aliyefanya kazi Chicago kwa miaka mingi huku akipiga barabarani kila alipopata nafasi. Hakuuza, hakuonyesha, na mikanda mingi hakuisafisha kabisa. Watu walizijua picha zake baada ya masanduku yake kupigwa mnada mwaka 2007. Yeye akafariki mwaka 2009. Wapo wanaoiona hadithi hiyo ya huzuni. Mimi naona mtu aliyejua picha ni za nani: zilikuwa zake. Kupiga kwa ajili yako peke yako ni lengo kamili.

Nipange bei namna gani?

Usianze kwa kuuliza wenzako wanatoza ngapi, maana hujui kama wao wanapata au wanakula mtaji. Anza na saa zako. Chukua harusi ya kawaida: saa 8 za kupiga, saa 5 za vikao na safari, saa 4 za kuchagua, na kama unatoa picha 400 zilizohaririwa kwa dakika 2 kila moja, hizo ni saa 13 na dakika 20. Jumla umepita saa 30. Mteja anaona 8. Wewe ukitoza za 8, saa 22 umempa zawadi bila yeye kujua wala kushukuru.

Kisha andika gharama za mwaka mzima: kodi, usafiri, intaneti, programu, bima kama unayo, matengenezo, na uchakavu wa vifaa. Uchakavu ndio unaosahaulika. Kamera uliyopanga kuitumia miaka minne inakula robo ya bei yake kila mwaka, hata kama hakuna pesa iliyotoka mfukoni, na siku shata itakapokufa utataka robo hizo ziwe zimekaa mahali. Ongeza kiasi unachohitaji kuishi. Gawanya kwa idadi ya kazi unazoweza kuzifanya vizuri kwa mwaka, si idadi unayoitamani. Namba itakayotoka ndiyo sakafu yako. Ukiona soko lako halifiki hapo, lengo la mwaka huu ni kubadilisha aina ya wateja au kupunguza saa, kwa mfano kutoa picha 150 zilizochaguliwa kwa makini badala ya 400. Kupunguza bei chini ya sakafu ni kujitoa kazini polepole.

Na uwe na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya mpiga picha hupotea kwa nauli, betri na "nitakulipa wiki ijayo".

Nipige bure ili nijulikane?

Piga bure kwa mtu uliyemchagua wewe, kwa picha uliyoipanga wewe, mara chache, na mkubaliane hivyo mapema. Kazi ya bure uliyoombwa na mwenye uwezo wa kulipa inaleta wenzake wanaotaka bure. Ukiamua kumsaidia mtu, mwandikie ankara yenye bei kamili, halafu chini yake andika kwamba umemsamehe. Ajue alichopewa.

Ni lazima nibobee katika aina moja?

Mwaka wa kwanza hapana. Piga harusi, bidhaa, nyumba, watoto, michezo. Baadaye mwili wenyewe utakuambia: kuna kazi ukiitoka umechoka lakini unataka kuanza kuhariri usiku ule ule, na kuna nyingine faili zake unazikwepa kwa wiki mbili. Panga potifolio yako, yaani mkusanyo wa picha unazoonyesha wateja, kwa zile za kundi la kwanza tu, picha 20 hadi 30, hata kama za kundi la pili zinapendeza. Watu wataagiza kile unachokionyesha.

Mikataba na idhini ni lazima kwa kazi ndogo?

Ndiyo. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe, saa, idadi ya picha, siku ya kuzikabidhi, malipo ya awali, na nini kitatokea mmoja wenu akivunja. Kuhusu hakimiliki, Mkataba wa kimataifa wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886, tangu marekebisho yake ya mwaka 1908 unataka kazi ilindwe bila kuhitaji kusajiliwa, na nchi nyingi zimejiunga nao. Lakini picha iliyoagizwa na mteja ni ya nani? Sheria zinatofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo usidhani; andika kwenye mkataba nani anaruhusiwa kuitumia wapi. Sura ya mtu ni jambo jingine tena. Hata picha ikiwa yako, kuiweka kwenye tangazo la biashara bila idhini yake ya maandishi ni kujitafutia kesi. Kwa watoto, idhini itoke kwa mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe muulize pia.

Nihifadhije picha zangu?

Nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba. Nakwambia kwa uchungu wa mtu aliyelipia somo hili.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa na kadi mbili za kamera za kuhifadhia picha, zinazofanana kabisa, zote nyeusi, bila alama yoyote. Nimetoka kwenye sherehe ya familia, nimechoka, kesho yake asubuhi nina kazi nyingine. Nikachukua kadi niliyodhani ni tupu nikaifuta upya, nikapiga. Jioni nilipofungua kompyuta nikaona picha za asubuhi tu. Kufuta kadi mara nyingi huwa hakuondoi picha zenyewe, kunaondoa orodha yake tu, na kama ningesimama pale pale programu ya kuokoa faili ingezirudisha karibu zote. Lakini nilikuwa nimeshapiga juu yake. Niliokoa theluthi. Katika zilizopotea ilikuwamo ya babu mwenye nyumba akicheka, mdomo wazi, ameshika mkono wa mjukuu, na mzee yule hakuonekana tena kwenye sherehe iliyofuata. Nilirudisha malipo yote. Picha sikuweza kuirudisha.

Tangu siku hiyo kadi iliyotumika naigeuza uso chini kwenye kijaluba chake, kila kadi ina namba, na hakuna kadi inayofutwa kabla picha zake hazijafika sehemu mbili. Lengo la kuhifadhi liandike pamoja na malengo ya kupiga, kwa uzito ule ule.

Je, wafuasi 10,000 ni lengo? Na kushinda tuzo?

Vyote viwili viko mikononi mwa wengine, kwa hiyo haviwezi kuwa kazi yako. Kupeleka picha kwenye mashindano matatu mwaka huu, hilo ni lengo, kwa sababu ni wewe unayepeleka. Kushinda si lako.

Mfikirie mpiga picha Malick Sidibé wa Bamako, Mali. Miaka ya 1960 alikuwa akizunguka kwenye dansi za vijana na kamera yake, usiku mmoja anaweza kupita sherehe kadhaa. Akirudi studio anasafisha mikanda, anatoa picha ndogondogo na kuzibandika kwenye makaratasi, ili vijana wakipita wajitafute na kuagiza ya kwao. Picha zilikuwa za wale vijana, wazipeleke nyumbani, wazitumie kutongozea, wazihifadhi. Mwaka 2007, Sidibé akiwa mzee, maonyesho ya sanaa ya Venice yalimpa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Na kilichofanya picha zile zidumu ni kwamba kila uso uliomo unajua unampigia nani pozi.

Nimpe nani picha zangu azikosoe?

Watu wawili. Mmoja anayejua picha na hakuonei haya, na mmoja asiyejua chochote kuhusu kamera. Yule wa kwanza atakuambia upeo umeinama. Wa pili mpe picha kimya na umtazame macho yake yanaenda wapi kwanza. Yakienda kwenye ndoo ya nyuma badala ya uso wa mtu, umepata jibu ambalo mtaalamu angekuficha ndani ya maneno mengi. Usiulize "nzuri?" Watu ni wapole, watakubali. Uliza "unaona nini?"

Nimechoka. Picha zangu zote zinafanana.

Kama unalipwa, huenda ni uchovu wa kawaida wa kazi, na dawa yake ni kulala na kukataa kazi mbili. Usiununulie lenzi.

Kama ni ubaridi wa ndani, jiwekee kizuizi. Mwezi mmoja piga nyeusi na nyeupe tu. Au piga ukiwa umbali wa mkono mmoja tu. Au chukua picha 24 kwa wiki na usizitazame hadi Jumapili, kama enzi za mkanda. Akili ikibanwa kona huanza tena kutafuta njia. Na kama hata hivyo haitoki, iweke kamera chini bila hatia. Cartier-Bresson mwenyewe, katika miaka ya 1970, aliiweka pembeni kwa kiasi kikubwa akarudi kuchora.

Mwisho wa mwaka nitajuaje kama nimesogea?

Zichapishe. Chagua picha 12 za mwaka mzima, zisafishwe kwenye karatasi, zitandaze sakafuni kando ya 12 za mwaka uliopita. Kwenye kioo cha simu picha inapita chini ya kidole kabla hujaiona, sakafuni inakutazama. Utaona kama vivuli vyako vimepata umbo, kama umewakaribia watu, kama bado unakata vidole vya miguu kwenye ukingo wa chini. Kama huwezi kufikisha 12, jua ulipiga sana ukachagua kidogo, na lengo la mwaka ujao umeshalipata.

Baada ya hapo usizirundike bahashani. Wapelekee wenyewe. Kuna bibi niliyempelekea picha yake miezi saba baada ya kuipiga, nikiona haya kwa kuchelewa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaishika pembeni pembeni asiiachie alama za vidole, akaitazama muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaigeuza. Nyuma palikuwa peupe. Akamwita mjukuu alete penseli, akanipa mimi, akasema, "Andika siku, mwanangu, na jina lako. Watoto watauliza." Sasa naandika nyuma ya kila picha kabla haijatoka mkononi mwangu: tarehe, mahali, majina kuanzia kushoto, kwa penseli laini, bila kubonyeza.